Muda wa Mbao na Muda wa Fundi: Namna ya Kuendesha Karakana Ndogo ya Vyombo vya Mbao Mwanza

Karakana ndogo ya vyombo vya mbao vinavyotengenezwa kwa mkono hutegemea vitu viwili ambavyo haviandikwi kwenye risiti yoyote, navyo ni muda wa mbao kukauka na muda wa fundi kufanya kazi. Nimeona karakana kadhaa zikifunguliwa na kufungwa kati ya Igoma na Nyegezi, na yangu mwenyewe iliponea chupuchupu, lakini sikumbuki hata moja iliyofungwa kwa kukosa wateja. Zilifungwa kwa sababu mbao mbichi zilirudisha kazi mlangoni, au kwa sababu fundi aliuza saa zake bure pasipo kujua. Maelekezo haya yanamlenga anayetengeneza vigoda, trei, vibao vya kukatia mboga, miiko, fremu za picha na meza ndogo. Mwenye kutengeneza milango na kenchi za mapaa ana biashara nyingine yenye hesabu nyingine.

Anza na vitu vitatu au vinne tu, na ukatae vingine kwa adabu. Mteja atakuja na picha kwenye simu akitaka kabati la vyombo, na mfuko mtupu utakushawishi ukubali, lakini kitu unachokitengeneza kwa mara ya kwanza hukuchukua muda mara mbili au tatu ya ule utakaotumia ukikitengeneza kwa mara ya kumi. Kila kitu ulichokichagua kitengenezee kiolezo cha plaiwudi, ukiandikie vipimo kwa kalamu ya wino, na ukitundike ukutani.

Kuhusu mbao, zilizo rahisi kupatikana hapa ni za paina, ambazo hutoka Sao Hill huko Mufindi, na nyingine hutoka karibu zaidi katika mashamba ya Serikali ya Rubya kisiwani Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa. Mninga huja kutoka misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Paina ni laini, nyepesi na ya bei nafuu, ila ina mafundo na utomvu unaoziba msasa. Kwa fremu na rafu inatosha kabisa. Mninga unafaa kwa vigoda na trei, kwa kuwa rangi yake haihitaji kupakwa rangi nyingine juu, na kwa kuwa ni miongoni mwa mbao zetu ambazo hazisinyai sana zikishakauka. Unaponunua mbao za msitu wa asili, dai risiti, na umwombe muuzaji akuonyeshe hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mbao isiyo na hati huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini ikikamatwa ikiwa kwako, hasara ni yako na maelezo utayatoa wewe.

Jambo zito zaidi ni ukavu. Mbao iliyotoka kupasuliwa hubeba maji mengi, na maji hayo yakishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wake mkavu, mbao huanza kusinyaa. Haisinyai kwa urefu kiasi cha kuonekana, bali kwa upana, na mbao iliyopasuliwa sambamba na duara za mti husinyaa karibu mara mbili ya ile iliyopasuliwa kuelekea kwenye kiini. Hapo ndipo zinapotoka nyufa, miguu inayolegea na vibao vinavyojikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Ukitaka kuelewa vizuri, nenda Mwaloni Kirumba uwatazame mafundi wa mitumbwi: wao hawaogopi mbao kuvimba, bali huutegemea uvimbe huo, kwa maana mtumbwi ukishaingia ziwani mbao zake hunywa maji na kuzibana nafasi za maungio. Kigoda kinachokwenda kukaa sebuleni hufanya kinyume chake. Fundi aliyejifunzia mwaloni akihamia kwenye samani hana budi kujifunza upya jambo hili moja, hata awe na mkono mzuri kiasi gani.

Nilijifunza kwa aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipokea oda ya trei ishirini za mninga kutoka hoteli moja ya mjini, nikanunua mbao siku ya Jumatatu, nikakabidhi kazi baada ya siku kumi na mbili. Ndani ya mwezi mmoja trei kumi na moja zilikuwa zimeachia pembe, kwa kuwa chumba zilimowekwa kilikuwa na kiyoyozi kinachokausha hewa mchana na usiku. Gundi haikuwa na kosa wala misumari haikuwa na kosa. Nilizirudia zote kwa gharama yangu.

Tangu hapo nanunua mbao mwanzoni mwa kiangazi, mwezi Juni, na kuzipanga ili zikauke hadi mvua za vuli zinapokaribia. Utaratibu wake hauna siri. Panga matofali yainuke kama sentimita 40 kutoka chini ili mchwa na unyevu wa sakafu visifike, kisha laza mbao tabaka kwa tabaka, na kati ya kila tabaka weka vijiti vikavu vyenye unene wa sentimita 2, vikiachana kwa nusu mita, kila kijiti kikiwa juu kabisa ya mwenzake wa chini. Vijiti visiponyooka, mbao zitakauka zikiwa zimepinda kama vilivyopinda. Vichwa vya mbao vipake rangi ya mafuta iliyobaki au nta, maana maji hutoka haraka zaidi vichwani na ndipo nyufa huanzia. Juu ya lundo weka mawe mazito, na kwa hilo mkazi wa jiji hili hawezi kudai kwamba amekosa mawe. Lundo likae chini ya bati, penye upepo, pasipo jua la moja kwa moja.

Kujua kama zimekauka hakuhitaji kifaa cha bei ghali. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya mbao, si kichwani, ukipime kwa mizani ya jikoni yenye gramu, kisha ukiweke kwenye oveni kwa nyuzijoto 103 hivi, ukikipima kila baada ya saa chache hadi uzito usiposhuka tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya tofauti kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Kipande kilichokuwa gramu 140 kikaishia gramu 112 kilikuwa na maji asilimia 25, nayo ni mbao ya kurudishwa kwenye lundo. Mimi siigusi mbao iliyo juu ya asilimia 14, na kwa kazi inayokwenda kwenye chumba chenye kiyoyozi nataka pungufu ya hapo. Hata mbao kavu huendelea kuvimba kidogo wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, kwa hiyo uso wa meza usiubane kwa gundi kwenye fremu yake pande zote. Toboa matundu marefu kidogo ya skrubu ili uso upate nafasi ya kutembea.

Kwa vyombo vinavyogusa chakula usitumie vanishi, kwa kuwa kisu huikwangua na maganda yake huishia kwenye mboga. Mafuta ya alizeti nayo hayafai, kwani hayakauki vizuri na baada ya muda huvunda. Nunua likwidi parafini kwenye duka la dawa (ile inayotumika kama dawa, wala si mafuta ya taa), uipashe taratibu juu ya maji ya moto pamoja na nta safi ya nyuki, sehemu nne za mafuta kwa sehemu moja ya nta. Nta nzuri hupatikana kutoka Tabora, kwa wafugaji wa nyuki wa misitu ile ile inayotupatia mninga.

Sasa tuje kwenye bei, ambako mafundi wengi wenye mikono mizuri hupotelea. Desturi yetu ni kujumlisha gharama ya mbao, kuongeza kitu kidogo cha soda, kisha kutazama jirani anauzaje. Nilipoanza niliuza kigoda cha mninga kwa shilingi 18,000 nikijiona mjanja, kwa kuwa mbao yake ilinigharimu 9,000, na gundi, msasa na nta 1,800. Nilidhani 7,200 iliyobaki ni faida. Siku nilipoketi na daftari niliona mambo mengine.

Kwanza nilijiuliza nataka kupeleka nyumbani kiasi gani kwa mwezi, nikaandika 400,000. Kisha nikahesabu saa. Siku 25 za kazi kwa saa 8 ni saa 200, lakini nilipoandika kwa mwezi mzima kila nilichofanya, niliona kwamba saa ambazo mkono wangu ulikuwa juu ya mbao hazikuzidi 125. Nyingine zilikwenda kwenye kufuata mbao, kunoa, kukatika kwa umeme na kuzungumza na wateja ambao nusu yao hawakununua. Laki nne kwa saa 125 ni shilingi 3,200 kwa saa. Pango, LUKU, mlinzi, bando la simu na kunoa misumeno vilifika 150,000 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa kila saa ya kazi. Kwa hiyo saa yangu moja haina budi kulipwa 4,400 kabla sijazungumzia mbao.

Kigoda kimoja kilinichukua saa nne na nusu. Hiyo ni 19,800, na ukijumlisha vifaa vya 10,800 unapata 30,600; ongeza asilimia 15 kwa ajili ya kazi itakayoharibika na zana zitakazochakaa, bei inakaribia 35,000. Kwa bei yangu ya zamani, nikitoa gharama za karakana za saa hizo kwenye zile 7,200, nilikuwa nabaki na 1,800 tu, yaani shilingi 400 kwa saa. Tarakimu hizi ni zangu. Andika zako, lakini ziandike.

Ukishajua gharama, yako mambo mawili ya kufanya, na kupandisha bei ni moja tu kati yake. La pili ni kutengeneza kwa mafungu. Nilipoanza kukata miguu ya vigoda sita kwa pamoja, kutoboa yote kwa mpango mmoja na kupiga msasa kwa mfululizo, kila kigoda kilishuka hadi saa tatu. Gharama ikawa 24,000, na pamoja na ile asilimia 15 bei ikawa 28,000 hivi, ambayo mwenye duka la zawadi anaweza kuipokea kwa jumla na kuuza kwa 35,000 ile ile ninayouzia mimi. Usimuuzie mteja wa rejareja kwa bei ya jumla hata akiwa shemeji yako, kwa kuwa mwenye duka akisikia, na Mwanza husikika upesi, hatarudi.

Kwa oda pokea malipo ya awali ya nusu, na kamwe yasiwe pungufu ya gharama ya mbao. Mteja akisema, “Fundi, we anza tu, tutaelewana,” mjibu kwa upole kwamba mbao haiwezi kukatwa kabla ya malipo hayo, kisha umwandikie vipimo, aina ya mbao na tarehe, naye atie saini. Tarehe hiyo uiongezee wiki moja juu ya ile unayoiamini.

Vumbi la mbao lisidharauliwe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, na vumbi la mninga na mvule huwasha pua na kifua hata kwa siku moja. Vaa barakoa inayobana vizuri unapopiga msasa.

Upande wa karatasi ni mfupi. Chukua namba ya mlipakodi TRA, ambayo hutolewa bila malipo, sajili jina la biashara BRELA ukitaka kulilinda, na uombe leseni kwa halmashauri yako, yaani Jiji la Mwanza kwa walioko Nyamagana au Manispaa kwa walioko Ilemela. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa asilimia 4, 4 na 2 ya mapato ya ndani. Ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, zinastahili kutembelewa kabla ya kununua mashine yoyote, na viwanja vya Nane Nane vya Nyamhongolo ni mahali pazuri pa kujaribu bidhaa mpya mwezi Agosti, mradi ufike na vitu vya kutosha.

Mwisho, kila kigoda ninachouza kina namba iliyochomwa chini ya kikalio, nayo imo daftarini pamoja na tarehe na lundo la mbao lilikotoka. Mnunuzi nampa dhamana ya miezi kumi na miwili, muda unaokiwezesha chombo kupita vuli, masika na kiangazi kizima. Kikirudi, nafungua daftari kwanza kabla ya kuchukua nyundo, na vikirudi viwili vya lundo moja, mbao zote zilizosalia za lundo hilo zinarudi juu ya matofali.