Safari ya kwanza Ulaya na rafiki: siku 10, miji 3

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeniuliza mimi na shoga yangu tulipangaje safari yetu tukitokea Dar. Nitakaa zaidi kwenye viza, maana safari nyingi hufia hapo.

Hatua ya 1: Punguzeni miji. Tuliandika saba, tukabaki na mitatu: Amsterdam usiku 3, Brussels usiku 2, Paris usiku 4. Yote inafikika kwa treni. Brussels hadi Paris ni kama saa moja na nusu. Tuliingilia Amsterdam tukatokea Paris, hatukupoteza siku kurudi tulikoanzia.

Hatua ya 2: Hesabuni usiku kabla ya kujaza fomu. Viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) inakufikisha nchi 29, ila huombi popote upendapo. Unaomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Ndiyo maana ndege yetu ilitua Uholanzi lakini viza tuliomba Ufaransa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Msingoje hizo 15, miadi hujaa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya kuweza kukulipia angalau yuro 30,000. Pasipoti iwe na miezi 3 mbele baada ya siku ya kuondoka huko, na kurasa 2 tupu.

Na hili naomba mlishike: kila mtu anaomba kivyake. Mmoja anaweza kupata, mwenzake akanyimwa. Shoga yangu alitumiwa mkupuo wa pesa na kaka yake siku chache kabla ya kuchukua taarifa ya benki. Ikabidi aandike barua kueleza zimetoka wapi, na tulikaa roho juu hadi jibu lilipotoka. Kwa hiyo chukueni hoteli zinazokubali kughairi bure, ndege wekeni nafasi tu. Malipo fanyeni pasipoti zikisharudi na viza.

Hatua ya 3: Ongeeni pesa mkiwa bado nyumbani. Sisi tulikuwa na kipochi kimoja cha zipu. Kila asubuhi kila mtu anatia yuro 40, humo zinatoka tiketi za tramu, maji, mkate, chakula cha mchana. Leo anakishika yeye, kesho mimi. Hatukugombana hata siku moja.

Hatua ya 4: Tiketi za treni ya mwendo kasi nunueni mapema, bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Na Louvre, ile makumbusho ya Paris, hufungwa Jumanne.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, tukiwa Paris tunaweza kuchomoka London siku mbili?
Jibu: Uingereza haimo Schengen, viza yake ni nyingine kabisa. Halafu kama Schengen yako ni ya kuingia mara moja, ukishatoka huwezi kurudi nayo Paris.

Swali: Uswisi je, yuro inatosha?
Jibu: Kwa viza imo Schengen, lakini fedha yao ni faranga.

Swali: Mwenzangu analala mpaka saa nne, mimi alfajiri nishaamka. Tutawezana?
Jibu: Mtawezana, mdogo wangu. Pangeni asubuhi moja au mbili kila mtu ashike njia yake. Jumapili ya Brussels nilimwacha shoga yangu kitandani, nikaenda soko la karibu na stesheni ya Midi, nikarudi na zeituni na fungu la nanaa. Saa nne tukanywa chai pamoja.