Joto si halijoto
Ukiandika kwenye ripoti ya maabara kwamba "joto la maji ni nyuzi 80", ulichopima ni halijoto. Kipimajoto (jina lenyewe linapotosha, nakiri) husoma kiwango cha umoto tu. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, nayo hupimwa kwa jouli. Kikombe na ndoo vikijaa maji ya nyuzi 80, halijoto ni ileile, ila ndoo ikipoa itatoa joto jingi zaidi. Na barafu safi inayoyeyuka hupokea joto muda wote huku kipimajoto kikiganda kwenye 0. Mtaani sema joto, utaeleweka. Kwenye ripoti, namba yenye nyuzi iandikie halijoto.