Kumfuatilia mfungwa aliyepelekwa Australia: shika meli kuliko jina

Kati ya 1788 na 1868 Uingereza iliwahamishia Australia wafungwa wapatao 162,000. Wengi walikuwa maskini ambao kwao wangekufa bila kuacha mstari hata mmoja. Adhabu ndiyo iliyowaingiza kwenye madaftari, na leo mengi yake yanasomeka mtandaoni bure.

Hatua ya 1: kesi. Kama alihukumiwa London, anzia Old Bailey Online, tovuti ya kesi za mahakama ya Old Bailey ya London, yenye kesi za 1674 hadi 1913. Nakili tarehe, mahakama na adhabu: miaka 7, 14 au maisha.

Hatua ya 2: meli. Sajili za wafungwa waliosafirishwa, zenye namba HO 11 katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, zimepangwa kwa meli. Ukishaipata, iandike kando ya jina kila mara, maana jina hubadilika. Mary Reibey, ambaye sura yake imo kwenye noti ya dola 20 ya Australia, alizaliwa kwa jina la Haydock, akakamatwa kwa wizi wa farasi akiwa amevaa kiume na kujiita James Burrow, kisha akaolewa na Thomas Reibey. Ukishika meli yake, "Royal Admiral, 1792", humpotezi.

Hatua ya 3: daftari la mwenendo. Hapa usiharakishe. Kwa waliopelekwa Tasmania, fungua mafaili ya CON, yaani kumbukumbu za wafungwa, kwenye tovuti ya Libraries Tasmania: CON31 na CON33 ni ya wanaume, CON40 na CON41 ya wanawake. Utakuta makosa ya kila mmoja kwa tarehe: kulewa, kutoroka kazini, kumjibu bwana wake, na mbele yake adhabu, iwe viboko au chumba cha peke yake kwa mkate na maji. Kwenye orodha za maumbile kuna kimo, rangi ya macho, makovu, hata herufi za majina zilizochorwa mkononi. Hizo herufi zifuatilie, huenda ni za mke au mtoto aliyeachwa. Ila kumbuka kalamu ilikuwa ya mlinzi. Ukurasa mtupu una maana kwamba hakushtakiwa tena, haumaanishi kwamba hakuteseka.

Hatua ya 4: uhuru. Tafuta kibali cha kujitafutia kazi, kisha hati ya uhuru. Wa kifungo cha maisha hakupewa hati hiyo, kwa hiyo mtafute kwenye misamaha. Msamaha wenye masharti haukumruhusu kurudi Uingereza.

Hatua ya 5: maisha ya baadaye. Pitia magazeti ya zamani kwenye Trove, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Australia, kisha kumbukumbu za ndoa, vifo na sensa ya New South Wales ya 1828. Wengi walificha walikotoka, nami siwalaumu. Katika sensa hiyo Reibey aliandikwa kuwa alikuja akiwa huru mwaka 1821. Ni kweli alishuka mwaka huo, lakini akirudi kutoka matembezi Uingereza. Ukikuta maneno kama hayo, pekua kwanza orodha za abiria kabla hujaamua kuwa huyo ni mtu mwingine.