Jinsi ya kudai deni lisilozidi milioni 10 mahakamani bila wakili

Ukienda kwa mwanasheria wa Kampala na deni la milioni 3, hesabu ya ada yake itakufanya umwonee huruma hata mdaiwa. Kwa madeni yasiyozidi shilingi milioni 10 Uganda ina utaratibu wa madai madogo, ulioanza kwa kanuni za 2011, na humo mawakili hawaruhusiwi kusimama kwa niaba ya mtu. Unafaa kwa bidhaa, mikopo na kodi ya nyumba. Mambo ya ndoa, wosia, kashfa au madai dhidi ya Serikali peleka kwingine. Ukikatakata deni la milioni 14 vipande viwili, karani atakubaini kabla hujakaa. Na deni la mkataba lisipite miaka 6.

Kesi nyingi huanguka hata kabla ya kufunguliwa, kwenye notisi ya madai. Lazima umpe mdaiwa notisi ya maandishi na siku 14 za kulipa. Kupiga simu mara arobaini si notisi. Iandike kavu kavu: “Tarehe 4 Machi ulichukua mifuko 120 ya saruji kwa shilingi 38,000 mfuko, jumla 4,560,000. Umelipa 1,500,000. Zimebaki 3,060,000. Ulipe ndani ya siku 14 tangu kupokea notisi hii.” Matusi yaache nyumbani, na riba ambayo hamkukubaliana usiitie.

Chapa nakala mbili. Mdaiwa atie sahihi, jina na tarehe kwenye yako. Akikataa, na wengi hukataa huku wakitabasamu, aliyeipeleka aandike siku, saa, mahali na maneno aliyojibiwa, halafu aape kiapo cha kupeleka hati mbele ya kamishna wa viapo. Ukienda na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ndiyo salama zaidi, kwa sababu mdaiwa hawezi kusema hamjui mwenyekiti huyo. Bila uthibitisho huo utaambiwa urudi ukaanze upya, na siku 14 zinahesabiwa tena.

Pili, jina la unayemshtaki. Kibao cha duka kwenye soko la Kikuubo, Kampala, kimeandikwa “Enterprises”, lakini hilo huenda ni jina la biashara tu, si kampuni, na jina la biashara si mtu kisheria, anayedaiwa ni mwenye nalo. Tafuta kwanza URSB, ofisi ya kusajili kampuni na majina ya biashara. Hukumu dhidi ya mtu asiyekuwepo kisheria utaitundika ukutani tu.

Siku zikiisha, nenda mahakama ya hakimu mkuu ya eneo husika, ujaze fomu ya madai, upewe namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), ulipe benki au kwa simu. Risiti ipige picha papo hapo, maana faili za mahakama zina miguu.

Ushahidi: taarifa ya pesa za simu iliyogongwa mhuri kwenye ofisi ya kampuni ya simu inashinda picha ya skrini. Ujumbe wa WhatsApp uuchape namba na tarehe zikionekana, na simu yenyewe uje nayo. Shahidi mmoja aliyeona saruji ikipakiwa anatosha kuliko watano waliosikia. Kesi huendeshwa kwa Kiingereza; kama unajieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, omba mkalimani siku ya kufungua faili, si asubuhi ya kesi, la sivyo utaahirishiwa.

Hakimu anaweza kuamuru mdaiwa alipe kwa mafungu. Rufaa hakuna, ila hukumu inaweza kuombewa mapitio.

Asipolipa, unaomba utekelezaji wa hukumu kupitia bailifu wa mahakama, yaani mtu wa kukamata mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama. Bailifu hatakutafutia mali: mpelekee namba ya gari, mahali ghala lilipo, benki anayoitumia mdaiwa. Usimtajie kitanda, sufuria wala zana za fundi, kwani sheria inazikinga.