Aliyepata kiharusi akiwa bado kitandani: linda bega, mpe muda

Mimi ni mfiziotherapia, mtaalamu wa kurejesha viungo kwa mazoezi, na haya nawaeleza ndugu wanaomuuguza mgonjwa siku za mwanzo. Subirini kwanza daktari athibitishe kwamba hali imetulia. Msiwe na pupa: utafiti wa AVERT wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mapema mno na kumfanyisha mazoezi mengi kulipunguza nafasi ya kupona vizuri. Wala msimpe hata maji kabla hajapimwa kumeza, maana yanaweza kuingia mapafuni.

Hatua ya 1: Bega la upande uliopooza. Misuli inayolishikilia imelegea, hivyo uzito wa mkono wenyewe hulivuta kutoka mahali pake. Weka mto chini ya mkono wote, kuanzia bega hadi vidole, kiganja kikiwa kimefunguka. Usimvute kwa mkono huo, wala usimnyanyue kwa makwapa. Nimewahudumia watu waliokwisha kutembea, lakini hawalali usiku kwa maumivu ya bega.

Hatua ya 2: Mgeuze kila baada ya saa mbili hivi. Kagua visigino, nyonga na makalio. Wekundu usiofifia ni mwanzo wa kidonda.

Hatua ya 3: Kukaa. Inua kichwa cha kitanda, ungoje. Akiwa sawa, mlaze ubavu, shusha miguu, kisha msaidie kuinuka hadi nyayo zikanyage sakafu. Akitokwa jasho au akisema anaona kizunguzungu, mlaze mara moja na umwite muuguzi. Dakika chache zinatosha, mtarudia baadaye.

Hatua ya 4: Mwambie autazame mkono uliopooza na ajaribu kufungua vidole. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kumsaidia. Hapa ndugu wengi hukosea kwa huruma: wanamfanyia. Mara nyingi ni kwenye nane au tisa ndipo dole gumba linapotikisika, na yeye mwenyewe analiona.

Hatua ya 5: Moyo wake. Asiyeweza kusema huenda anaelewa kila neno, kwa hiyo msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, umpe nafasi ya kujibu hata kwa kichwa. Anaweza kulia ghafla bila huzuni yoyote. Ubongo uliojeruhiwa hufanya hivyo. Lakini takriban mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, baada ya kiharusi. Akikataa chakula, akikosa usingizi, au akigeukia ukutani siku baada ya siku, mwambie daktari. Inatibika.