Kunasa Kilimia kwa simu, Rusinga

Njoo kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, mwezi wa Januari, usiku usio na mbalamwezi, kati ya saa mbili na saa nne. Kilimia, kile kishada cha nyota, huwa juu sana, upande wa kaskazini. Wavuvi wa omena (dagaa) nao hupenda giza hilohilo, kwa hiyo zipe kisogo taa zao. Mimi hujificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa.

Usishike simu mkononi. Ilaze kwenye mfuko wa mchanga, kamera ikitazama juu. Fungua mipangilio ya mkono (manual) ya kamera: ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 1600, kamera ikae wazi sekunde 10, fokasi ya mbali kabisa. Ukizidisha sekunde 20, nyota huwa vistari, maana dunia inazunguka. Weka ihesabu sekunde 3 kabla ya kupiga, kidole kisiitikise. Hapo ndipo wengi hukosea.

Piga picha kama 30, uziunganishe kwa programu ziwe moja. Tangu setilaiti ya Kenya, Taifa-1, irushwe Aprili 2023, watoto wa jirani hunifuata kila mara. Huwaambia mwanga wa Kilimia ulitoka huko miaka 440 hivi iliyopita, karibu na enzi Fort Jesus, ngome ya Mombasa, ilipoanza kujengwa. Hunyamaza, kisha huomba simu.