Jinsi ya kujua muvi ni ya aina gani (kava usiiamini sana)

Wengi wakiona chombo cha angani kwenye kava wanasema hiyo sayansi ya kubuni, wakiona bunduki basi akshen, halafu wanafika katikati wanaanza kulalamika mbona sivyo. Vitu vilivyomo kwenye muvi vinadanganya, we angalia inataka ikufanye nini. Chukua Alien ya 1979, humo kuna chombo, kompyuta, sayari ngeni, kila kitu, lakini ile ni muvi ya kutisha jamani, watu wachache wamekwama mahali hakuna pa kukimbilia na kuna kidubwana kinawamaliza mmoja mmoja. Hata ungewahamishia kwenye jumba bovu porini stori ingekwenda vilevile.

Kutisha na thrila ndo zinachanganya zaidi, hapo jiulize nani anajua nini. Hitchcock, mwongozaji maarufu wa muvi za thrila, alishamweleza mwongozaji mwenzake Truffaut vizuri sana: watu wamekaa mezani wanapiga stori na chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, likilipuka unashtuka sekunde 15 imeisha hiyo. Ukioneshwa bomu mapema na saa ukutani inasogea, wao bado wanapiga soga zao, utahangaika dakika 15 nzima unatamani uwapigie kelele. Huko kuhangaika ndo thrila yenyewe. Ya kutisha inakuogopesha na kile kitu chenyewe, hata kikishaonekana hofu haiishi.

Kwenye sirizi ni rahisi, angalia episodi inavyoisha. Ya vichekesho inamaliza kisanga chake ndani ya nusu saa na wiki ijayo wanaanza upya kama hakikutokea kitu, ya polisi mara nyingi kesi moja episodi moja, ila tamthilia ya familia lazima ikate pale patamu ili kesho urudi.

Na zile lebo za kwenye app na tuzo zichukulie kwa tahadhari, The Martian, jamaa kaachwa peke yake sayari ya Mars, ilibeba Golden Globe ya 2016 kwenye kundi la vichekesho na muziki, sijui walicheka wapi sana.

Ikiwa mchanganyiko, mapenzi humo, risasi humo, subiri dakika za mwisho uone swali gani linajibiwa: wamerudiana, muuaji kajulikana, au steringi katoka mzima?